Karatasi ya Chapwa na Kasha Ninalokalia

Alhamisi, Agosti 2014. Tunduma. Upepo mkavu, vumbi la malori, na baridi ya kuvaa koti mpaka saa tano asubuhi. Moyo: mnono.

Wewe shajara, leo kaa vizuri. Nimevuka mpaka mara mbili kabla ya chakula cha mchana, dada yangu amenusa mdomo wangu mbele ya majirani zake, na sasa nakuandikia nikiwa ndani ya ofisi.

Ndiyo, ofisi. Yangu. Mlango wake unafungwa kwa msumari uliopindwa, lakini ni mlango.

Ester, binti yangu aliyeolewa Vwawa, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu huko mtandaoni na kuniachia kompyuta yake ya zamani. Alisema, "Baba, uwe unaandika, utapunguza kumsumbua mama." Basi naandika, kwa kidole kimoja, na mama yake bado namsumbua. Wasomaji wangu ni watano. Mmoja ni mimi.

Mambo yalianza Jumatatu. Chumba hiki cha uani alikuwa anakaa mpangaji, dereva mmoja wa Tanga, akahama. Kabla godoro lake halijatoka getini nilishatangaza kwa sauti kwamba hapa patakuwa ofisi. Mke wangu, Mama Ester, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Ofisi ya kazi gani, Baba Ester?"

"Ya mambo yangu. Makaratasi. Mahesabu ya nyumba."

"Mahesabu ya nyumba yako hapa," akagonga paji la uso wake kwa kidole chenye vumbi la maharage. "Na chumba kimeshapata mtu. Shabani anakitaka."

Shabani ni kijana wa Kondoa anayeuza viatu vya plastiki sokoni. Mpole, msafi, anaswali kwa wakati, na kibaya zaidi, analipa kwa wakati. Jioni ile ile akaja kukipima chumba kwa hatua, moja, mbili, tatu. "Shikamoo mzee. Marobota yangu yataenea hapa." Nikamwitikia marahaba ya kubanwa na mlango.

Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa mtaa akapita akitangaza kwamba Jumatatu ijayo wapimaji watakuwa Chapwa. Kila mwenye kiwanja afike na karatasi yake ya mauziano. Asiyekuwa na karatasi amlete aliyemuuzia. Sasa yule aliyeniuzia mimi yuko makaburini mwaka wa tisa huu, na hata alipokuwa hai alikuwa mgumu kuitika wito.

Kiwanja cha Chapwa tulikinunua Ester hajaanza shule. Watu nawaambia nilikinunua mimi. Kwa kuwa hapa tuko peke yetu, nikwambie ukweli: fedha nyingi ilikuwa ya kahawa, kutoka kwao Mama Ester kule Mbozi. Yangu ilitosha soda za mashahidi. Tangu siku hiyo mke wangu anaijenga nyumba ya Chapwa kichwani, chumba kwa chumba, mbali na barabara hii ambayo malori hupiga honi kana kwamba yanaoa. Ameshapanda hata migomba, kichwani.

Basi akaweka chini ungo wa maharage, akanipa masharti.

"Karatasi ya Chapwa ikionekana kabla ya keshokutwa ya keshokutwa, yaani Ijumaa jioni, chumba chako. Isipoonekana, Jumamosi Shabani anaingia na marobota yake. Na Jumatatu wewe utakwenda Chapwa kuwaeleza wapimaji kwa mdomo wako huo huo."

Nikasema, "Karatasi ipo."

Sikuwa na habari iko wapi.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na ninaiandika nikicheka. Miaka ishirini na kitu mimi nilikuwa mkimbiza makaratasi wa malori. Darasa la nne langu lilinitosha. Lori likifika mpakani na shaba au mahindi, mimi nakamata bahasha, nakimbia nayo ofisi hii, nakimbia nayo ofisi ile, upande huu, upande wa Nakonde, narudi imegongwa mihuri kama ngoma. Sikupoteza karatasi ya mtu hata moja. Matajiri walinisifu. Ya kwangu ndiyo nimepoteza.

Maana makaratasi ya nyumba hii, shajara, nilikuwa nayahifadhi kwa mapenzi, siyo kwa mpango. Risiti za maji zilikaa kwenye kiatu changu cheusi cha kushoto, kile nilichovaa harusi ya Ester. Za umeme, cha kulia. Kadi ya kliniki ya Ester ilikuwa nyuma ya redio. Stakabadhi za kodi ya maendeleo, kodi yenyewe walishaifuta, zilikuwa ndani ya redio. Mama Ester alikuwa akifagia sebuleni anafagia na historia ya nchi.

Jumanne asubuhi nikaanza. Nikachukua mlango wa zamani wa choo, nikaulaza juu ya matofali: meza. Kiti sikuwa nacho, nikavuta kasha la mbao la dada yangu lililokuwa pembeni na kufuli lake, nikakalia. Kasha hilo lina hadithi yake, tutafika. Kisha nikatazama ule mlima wa makaratasi sakafuni na nikaona siwezi kuupanga kama wanavyopanga wasomi, kwa alfabeti. Mimi najua kupanga kitu kimoja tu duniani. Mpaka.

Basi nikapiga mstari wa chaki katikati ya sakafu. Ukuta wa jua kuchomoza: Tanzania. Ukuta wa jua kuzama: Zambia. Karatasi yoyote inayohusu serikali, maji, kahawa, shule, inakwenda Tanzania. Chochote kilichotoka ng'ambo, Zambia. Na zile zisizoeleweka zikapanga foleni juu ya mstari, moja nyuma ya nyingine, zikisubiri kukaguliwa. Foleni ikatoka mlangoni ikafika bandani kwa kuku. Ilikuwa kama Tunduma yenyewe mwisho wa mwezi.

Sijafurahi hivyo tangu nilipostaafu. Upande wa Zambia nikakuta noti zao za zamani, za elfu hamsini hamsini, kabla hawajakata zile sifuri tatu. Nikahesabu. Wallahi, mimi Mkristo naapa kwa kiapo cha Shabani, nilikuwa milionea na sikuambiwa. Siku hizi madukani Nakonde hawazitaki tena. Nikambebea Mama Ester jikoni nikamwambia, "Mke wangu, hizi nilikuwa nakutunzia." Akazitazama. "Za kuwashia moto?" Akarudi kwenye sufuria yake.

Nikakuta leseni ya baiskeli yangu. Nikakuta barua niliyomwandikia Mama Ester wakati wa uchumba, ambayo haikupelekwa kwa sababu nilishindwa kuandika neno "nakuheshimu". Nimelifuta mara nne. Nimeiweka upande wa Tanzania, kwenye mafaili ya serikali.

Jumatano foleni ikaisha. Kila karatasi ikawa na nchi yake. Nikawa na daftari jipya la mistari, kalamu mbili, na kopo la vibanio vya karatasi. Pakapendeza.

Karatasi ya Chapwa haikuwepo.

Jioni ile Shabani alipita tena. Safari hii alileta futi.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nimekaa juu ya kasha na chai mkononi, simba aliyeshindwa. Lori likapita barabarani, nyumba ikatetemeka, na kasha chini yangu likalia kwa ndani, chwe-chwe-chwe. Nikaligonga kwa kisigino. Nyamaza. Nikaanza kujiuliza hivi hili kasha lilikuja lini.

Dada yangu Veronika anaishi Nakonde, aliolewa huko zamani. Kutoka hapa kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Mwaka ule alikuja na kasha hili kichwani, jasho linamtoka, kwa sababu mumewe wakati huo alikuwa anauza kila kinachobebeka. Akasema, "Mdogo wangu, niwekee wiki moja tu." Ester alikuwa darasa la pili. Sasa Ester ana watoto wawili na wiki haijaisha.

Nikamkumbuka siku ile akiondoka. Alikuwa ameshika kifua hivi, kwa kiganja, kama mtu aliyeficha kitu ndani ya blauzi.

Nikamwaga chai.

Kitu kile nilimpa mimi! Sikiliza, shajara, hii sijawahi kuiandika. Miaka hiyo nilikuwa nakunywa komoni. Sikuwa nakunywa kama watu, nilikuwa nakunywa kama shimo. Kuna bwana mmoja pale kilabuni alikuwa ananinunulia lita kwa lita, huku ananiimbia habari ya kiwanja cha Chapwa, na siku moja nilijikuta nimeshampa mkono kwamba nitamuuzia. Asubuhi yake nilipata akili, nikaogopa. Nikaona mtu wa hatari kwa kiwanja hiki siyo yule bwana. Ni mimi. Ndipo nikampa dada karatasi avuke nayo. Wakubwa wanaficha vyao Ulaya, mimi nikaficha changu Nakonde.

Komoni niliacha. Na sababu ya kuficha ilipoondoka, ikaondoka na mahali nilipoficha.

Sikumwambia Mama Ester neno. Nikavaa kandambili, nikavuka kama tunavyovuka sisi wa hapa siku zote, kwa kuitikia salamu za kushoto na kulia. Dada alikuwa uani anafua, majirani zake wawili wako naye.

"Mwapoleni mukwai," nikamsalimu kwa adabu ya kwao.

"Na wewe. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimefuata karatasi yangu."

Akakausha mikono kwenye kitenge chake. Akanisogelea mpaka pua yake ikagusa ndevu zangu. "Pumua."

"Dada, nina miaka sitini na minane."

"Pumua."

Nikapumua. Majirani wakaacha kufua ili wasikie vizuri.

"Chai," dada akawatangazia. Kisha akanitazama miguu. "Awe." Awe ni hapana ya ng'ambo, na dada yangu huitamka kama anafunga geti.

"Awe nini tena?"

"Uliniambia mwenyewe. Ulisema, dada, hata nikija nalia usinipe, mpaka nije asubuhi, sinuki, nimevaa viatu. Viatu, siyo hizo."

Ni kweli. Nilikumbuka palepale. Maana enzi zile kitu cha kwanza nilichokuwa napoteza nikilewa ni viatu, na nilijua mimi mwenye viatu ni mtu wa kuaminika. Nilibishana naye kidogo. Jirani mmoja akasema, "Babu, sheria ni yako wewe." Wakacheka, nikarudi Tunduma kufuata viatu.

Sasa viatu vyangu, unakumbuka, vilikuwa ofisi ya maji na umeme. Nikavikung'uta, risiti zikamwagika upya sakafuni, Tanzania nzima ikavurugika. Mama Ester akachungulia dirishani.

"Unakwenda harusini, Baba Ester?"

"Mikutano," nikasema. "Watu wa ofisi tuna mikutano."

Nikavuka mara ya pili, viatu vinalia kwi-kwi, risiti moja ya mwaka wa zamani imebaki ndani inanichoma kidole. Dada akanikagua tena juu mpaka chini, akaridhika, akaniingiza chumbani kwake. Akavuta sanduku la bati toka chini ya kitanda.

"Geukia ukutani."

Nikageuka. Ukutani pananing'inia kioo cha kunyolea cha marehemu shemeji. Sikutafuta kuona, shajara, kioo kilikuwepo na macho yangu yalikuwepo. Akafungua sanduku. Juu kabisa kulikuwa na bunda limefungwa kwa kitenge, cha rangi ya machungwa, chenye tausi.

Kitenge kile nakijua. Nilikinunua mimi, siku Ester alipofaulu darasa la saba. Kikaibiwa kambani. Mama Ester alilia, na mimi kwa ajili ya kitenge kile nilimnunia jirani yetu mwezi mzima, nikakataa hata kumwazima ngazi.

Dada akakisogeza taratibu, kama anamsogeza mtoto aliyelala, akatoa chini yake bahasha ya kaki. Yangu. Akafunga sanduku.

"Haya geuka. Shika. Na huko ndani hakuna kingine cha kwako."

"Sikuuliza."

"Ndiyo nakujibu kabla."

Nikafungua bahasha. Ipo! Imepauka, ina sahihi yangu inayotambaa kama siafu, dole gumba la marehemu aliyeniuzia, na mashahidi wote wawili waliokunywa soda. Nilimkumbatia dada mpaka akanipiga kofi la mgongo. Mlangoni nikamuuliza, "Shemeji ameshapumzika siku nyingi. Kasha lako hulitaki?"

"Kwani linakula ugali wako?"

"Hapana. Nalikalia."

"Basi kalia."

Nilirudi nikitembea katikati ya barabara kama waziri. Mama Ester alikuwa jikoni anasonga ugali. Nikaweka bahasha juu ya kinu. Akaacha mwiko umesimama kwenye ugali, akafuta mikono, akasoma karatasi yote, herufi kwa herufi, kwa sababu yeye alimaliza la saba na hupenda nikumbuke.

"Ilikuwa wapi?"

"Nje ya nchi."

"Baba Ester."

"Kwa wifi yako. Kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda."

Akaurudia mwiko. Akauzungusha mara moja. Mkono ukasimama.

"Nani alifungua hilo sanduku?"

"Yeye. Mimi aliniambia nigeukie ukutani."

Ugali ukapumua, puf.

"Ukutani pana kioo," mke wangu akasema polepole.

"Pana."

Tukatazamana. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na nilimwona anatafuta uongo wa haraka, hauoni.

"Tausi wako hawajambo," nikamwambia. "Panya hawajawagusa."

Alicheka mpaka akakaa chini, hapo hapo kwenye majivu, miguu ameinyoosha, mwiko mkononi. Nami nikakaa. Ugali ukaungua upande mmoja na hakuna aliyeamka.

Akaniambia yote. Ni fedha ya bati za Chapwa. Anaweka kidogo kidogo, ya maharage, ya kuku, ya kodi ya chumba hiki. "Ningeweka humu ndani," akasema, "ungenunua redio ya nne." Nilitaka kubisha. Nikakumbuka redio ya tatu, ile iliyojaa stakabadhi.

Nami nikamwambia habari ya komoni, na yule bwana, na mkono niliompa. Nilidhani atanuna. Akasema, "Naijua hiyo."

"Unaijuaje?"

"Karatasi niliiona siku ya kwanza niliyopeleka kitenge. Nikamwomba wifi anipe niirudishe. Akakataa. Akasema mwenye nayo aje mwenyewe, asubuhi, na viatu."

Hebu ona, shajara! Miaka yote anajua iliko, na hawezi kuniambia bila kusema yeye mwenyewe alifuata nini huko. Ndipo mwenyekiti alipotangaza wapimaji, akaona dawa ni kunifungia na makaratasi yangu mpaka nikumbuke.

"Na Shabani?" nikauliza. "Marobota? Futi?"

"Shabani ana chumba kwingine tangu Jumanne. Jana nilimwomba apite tu na futi ili ukaze mwendo." Akajifuta machozi ya kicheko. "Nilijua utakumbuka. Wewe ni kama lori la shaba. Unachelewa, lakini unafika."

Nimesifiwa mara chache maishani. Hii nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari la ofisi, na nimeigonga muhuri wa chini ya kikombe.

Jirani pia nimekwenda kumwomba radhi, na ngazi nimempelekea. Amepokea, hakuelewa, akauliza kama naumwa.

Kwa hiyo sasa ni saa kumi jioni, jua limeingia dirishani upande wa Zambia, na Tanzania nimeshaipanga upya. Karatasi ya Chapwa imelala juu ya meza, jiwe juu yake. Jumatatu tunakwenda wote wawili. Mimi nitavaa viatu. Daftari nimelipiga mstari katikati: vya humu ndani, vya ng'ambo. Mama Ester amesimama mlangoni akasoma, akachukua kalamu, akaandika mwenyewe upande wa ng'ambo: "Tausi." Idadi hakuandika. Sikuuliza.

Kisha ameniambia kesho twende sokoni tukanunue kiti, mtu wa ofisi hawezi kukaa juu ya kasha.

Hapo nimetulia kidogo. Maana lori limepita sasa hivi, na kasha limelia tena chini yangu, chwe-chwe-chwe. Mimi changu nilikipeleka kwa dada. Mke wangu chake alikipeleka kwa dada. Sasa dada, mwenye akili kutushinda wote wawili, cha kwake alikileta kwa nani?

Najua nikiwa na kiti, kasha litarudi pembeni. Likirudi pembeni nitakuwa nalitazama. Nikilitazama siku mbili nitatafuta msumari, na kufuli lile limezeeka.

Kiti sitaki. Nimeshamwambia Mama Ester mgongo wangu umeuzoea ubao. Wiki moja ya dada haijaisha, nami kesho asubuhi niko hapa hapa, nimekalia.